Somo: Trei ya Mayai, Kokwa za Tende na Mwezi wa Idi

Mtoto wa miaka minne akiuliza "Idi ni lini?" tunamjibu "bado wiki mbili," naye hajui wiki ni nini. Kesho anauliza tena, kesho kutwa tena. Somo hili linampa jibu analoweza kulishika kwa mkono. Ni la watoto wa miaka mitatu hadi sita, halina cha kununua, na linachukua dakika chache kila jioni. Nimeliweka kwenye Ramadhani kwa sababu ndio mwezi ambao nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo, inahesabu siku pamoja. Kwenye maswali hapo chini mtaona linavyofaa Krismasi na hata masika.

Tafuta trei tupu ya mayai, ile ya karatasi yenye mashimo 30. Mwenye duka mtaani kwenu hakosi moja ya kukupa. Ongeza kipande cha boksi na penseli, au mkaa. Tende utakuwa nazo tayari. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, trei ikae juu ya kabati, kwa maana kokwa ya tende inamkaba mtoto mara moja. Huyo mdogo mpe vipande vya kanga vilivyofungwa mafundo makubwa, naye aweke vyake kwenye bakuli.

Kwa nini trei? Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, haupungui wala hauzidi. Mashimo ni 30. Faida yake mtaiona mwezi ukifika ukingoni.

Hatua ya 1: Tokeni mkautafute mwezi. Jioni ya kuandama, jua likishatua tu, toka na mtoto mtazame upande lilikotua. Aliye Mji wa Kale, Mombasa, atazame upande wa bandari ya Kilindini, asitazame bahari kuu. Msichelewe, maana mwezi mwandamo ni mwembamba na unalifuata jua kutua. Usimwonyeshe kwa kidole upesi. Mwache macho yake yahangaike kidogo. Akiuona, achore kwenye boksi.

Hapa pana jambo nalipenda sana. Kwenye vitabu na kadi za Idi mwezi huchorwa umesimama wima. Lakini Mombasa tuko nyuzi nne tu kusini ya Ikweta, na huku kwetu mwezi mchanga hulala chali, pembe zote mbili juu, kama dau. Mtoto akichora dau amechora alichokiona. Usimsahihishe kwa kufuata kadi.

Hatua ya 2: Kokwa moja kila futari. Tende ya kwanza ya futari ikishaliwa, kokwa yake ioshwe, ikaushwe, na mtoto mwenyewe aitie kwenye shimo la kwanza pembeni. Siku ya pili, shimo linalofuata. Chagueni upande mmoja wa kuanzia na msiubadilishe. Mtoto anayesoma chuoni (madrasa) anaweza kupenda kuanzia kulia kama kwenye juzuu. Ni sawa kabisa, mradi kesho aendelee vilevile.

Hatua ya 3: Swali moja kwa siku. Moja tu. Watu wameshinda na saumu, mtoto ana njaa ya sambusa. Huu si wakati wa mtihani.

Wiki ya kwanza uliza, "Zimeingia ngapi?" Mtazame kidole chake anapohesabu. Mara nyingi mdomo hukimbia: kidole kiko kwenye kokwa ya nne, mdomo umeshasema "sita." Usimwambie amekosea. Mwambie aitoe kila kokwa na kuirudisha shimoni huku akitaja namba yake. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unaungoja. Hili dogo ndilo lenye faida kuliko yote katika somo zima, nanyi lijaribuni hata kama mengine mtayaacha.

Wiki ya pili geuza swali: "Mashimo matupu ni mangapi?" Kuhesabu kisichokuwepo ni kugumu zaidi. Msaidie kwa safu: kila safu fupi ina mashimo matano, safu mbili ni kumi. Baada ya siku chache ataitazama safu iliyojaa na kusema "tano" bila kuigusa.

Hatua ya 4: Mwezi mpevu. Ikifika siku ya 14 au 15, weka kijiwe cheupe pamoja na kokwa. Jioni hiyo msitazame tena jua linakotua. Geukeni mashariki, upande wa bahari, mwezi unachomoza mzima. Achore duara chini ya lile dau.

Mkiweza kufika ufukweni pa Mama Ngina siku hizi, mwonyeshe maji. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiwa mwandamo, ndipo tunapata bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana, miamba iliyozama jana na juzi inatoka nje. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayajai wala kupwa sana. Wanaovuka Likoni wanalijua hili kwa miguu yao, kwani maji yakipwa sana mteremko wa kushukia feri unarefuka. Kwa mtoto inatosha kusema, "Mwezi umejaa, na maji nayo yanajaa."

Hatua ya 5: Shimo la mwisho. Jioni ya siku ya 29, shimo limebaki moja. Watu wazima wote wanangoja tangazo la Kadhi Mkuu, na mtoto sasa anajua hasa wanangoja nini, kwa sababu swali lenyewe liko mbele yake. Muulize, "Hili litapata kokwa?" Pokea jibu lolote, kisha mngoje pamoja. Mwezi ukionekana, shimo linabaki tupu. Tafadhali usilijaze ili trei ipendeze. Utupu huo ndio jibu.

Hatua ya 6: Mkono wa Idi, yaani pesa anazopewa mtoto siku ya Idi. Sarafu za Kenya zilizotoka kuanzia Desemba 2018 zina wanyama: shilingi moja ni twiga, tano ni kifaru, kumi ni simba, ishirini ni ndovu. Asiyejua kusoma anaweza kuzichambua kwa mnyama, na sarafu za zamani akaziwekea fungu lake. Akizoea, ingieni sokoni: ndovu mmoja ni simba wawili, simba mmoja ni vifaru wawili, kifaru mmoja ni twiga watano. Watoto wa miaka sita hulishika hili upesi, wakaanza kudai ndovu kwa shangazi zao.

Maswali ya wazazi na walezi

*Mama wa Kisauni:* Asalaam aleikum mwalimu. Wangu amekula tende tatu akajaza mashimo matatu siku moja. Nizitoe?

Waaleikum salaam mama. Usizitoe wewe, azitoe yeye. Muulize, "Leo tumefuturu mara ngapi?" Akisema moja, kokwa moja ibaki, mbili ziende kwenye kifuu. Hizo za kifuuni zitamfaa kuchambua kubwa na ndogo asubuhi.

*Baba wa mapacha, Likoni:* Mmoja anahesabu vizuri, mwenziwe anamfuata tu kwa sauti. Trei moja inatosha?

Wape trei mbili, baba, na maswali tofauti. Huyu aulizwe zilizoingia, yule matupu. Hawezi kunakili jibu lisilokuwa lake.

*Mama wa Tudor:* Sisi tuko ghorofa ya chini, na jioni nyingi ni mawingu. Mwezi hatuuoni.

Kokwa iingie kama kawaida, na kwenye boksi achore wingu. "Tumetazama, hatukuuona" ni jibu la kweli, na ndilo linalowafanya wazee watimize thelathini. Simu ina picha za mwezi, lakini naomba ianze mbingu.

*Mama wa Changamwe:* Sisi ni Wakristo, mwalimu. Naweza kulifanya Desemba?

Karibu sana. Krismasi haifuati mwezi, kwa hiyo mashimo 25 kuanzia tarehe 1 yanatosha, na vizibo vya soda badala ya kokwa. Lakini nakushauri ungoje Pasaka, maana hiyo ina mwezi ndani yake: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu ulioangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Muutafute mwezi mpevu pamoja, kisha mhesabu mpaka Jumapili.

*Bibi, Mji wa Kale:* Mjukuu wangu yuko PP1, darasa la kwanza la awali, na anahesabu mpaka mia. Si atachoka na haya?

Shikamoo bibi. Mwekee kokwa tisa mkekani, useme, "Nipe sita." Wengi wanaofika mia kwa mdomo hukupa zote tisa, kwa kuwa wimbo wa namba wanaujua lakini hawajui pa kusimama. Akikupa sita barabara, basi ameiva. Muulize kila jioni zimebaki ngapi kufika 30. Pia mwelezee jinsi Ramadhani ya utoto wako ilivyoangukia majira mengine. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, takriban 11 chini ya mwaka wa jua, kwa hiyo saumu huzunguka, mara kwenye joto la kaskazi, mara kwenye kusi. Hilo atalisikia vizuri zaidi kutoka kwako.

*Mama wa Bombolulu:* Idi ikipita, trei nitupe?

Ingoje masika. Aprili ina siku 30, inaingia sawasawa. Kila jioni mtoto atie kunde moja mvua ikinyesha, aache shimo tupu ikiwa kavu. Trei ikae ndani, karatasi ikilowa inavunjika. Mei chukua trei ya pili, mzilinganishe mwisho wake zikiwa ubavu kwa ubavu. Mei ina siku 31 na mashimo hayatoshi, kwa hiyo weka kifuu pembeni kwa siku ya mwisho. Atakuuliza kwa nini kuna kifuu; mwache ahesabu mwenyewe.