Arusha hadi Ngaresero kwa gari lako: upepo, nati na mahali pa kulala

Lami itakudanganya. Kutoka Arusha hadi Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, gari lolote linaonekana zima. Ukichepuka kulia kuelekea Engaruka na Ngaresero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, zimebaki zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa vumbi, mawe na majivu ya volkano. Huko linaloua gari mara nyingi si shimo, kwani shimo utaliona ukalikwepa. Ni vile vijituta vidogo vinavyofuatana kama migongo ya bati, vinavyotikisa gari saa tatu au nne mfululizo mpaka nati zilegee.

Jaza tangi Mto wa Mbu hata kama umejaza Arusha. Mbele, mafuta ni ya kwenye madumu na bei ni ya muuzaji. Land Cruiser ya dizeli iliyobeba mzigo, piga hesabu ya lita 20 kwa kilomita 100 za mchanga, halafu ongeza dumu moja la lita 20. Dizeli unaweza kuifunga nyuma ndani ya gari kama kifuniko hakivuji. Petroli usiiweke ndani kamwe.

Maji beba kutoka mjini, lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na lita 20 za akiba ambazo rejeta nayo inaweza kuzihitaji. Usitegemee kuchemsha maji ya visima: maeneo mengi ya kaskazini yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floridi inazidi kukolea. Ya ziwa lenyewe ni magadi.

Mzigo mzito uwe chini, karibu na mgongo wa viti. Kwenye keria weka hema, magodoro na vyepesi vingine. Keria iliyosheheni madumu hupasuka kwenye viungo vya kulehemu, tena gari huyumba kwenye kona za makorongo.

Sasa upepo wa matairi. Lami ikiisha, simama. Kama ulikuwa na psi 38, shusha hadi 26 au 28, kisha tembea kilomita 40 kwa saa. Madereva wengi hukimbiza 70 au zaidi ili gari "lielee" juu ya vituta. Ni kweli halitikisiki sana, lakini tairi linagusa vilele tu, na mbuzi akivuka breki hazishiki. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 16 au 18, usikate kona kwa ghafla, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi kwenye lami jaza tena kwa pampu ya kuchomeka kwenye betri. Tairi laini likikimbizwa lamini huchemka na kupasuka.

Baada ya saa moja ya vumbi simama tena, zima injini, zunguka gari. Weka mgongo wa mkono karibu na kila rimu: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, shuku beringi au breki inayoburuza. Shokapu itakuwa na joto, hiyo ni kazi yake. Iliyobaki baridi wakati nyingine zimechemka imekufa. Kisha kagua boliti za U zinazoshika springi, na kamba ya betri. Ujanja rahisi ni kuchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kabla ya safari. Mistari ikiachana, nati imezunguka, chukua spana.

Jioni toa filta ya hewa, igonge polepole kwenye tairi mpaka vumbi lidondoke. Usikae nyuma ya gari jingine, subiri wingu lake lipite.

Makorongo ya Engaruka yanataka adabu. Mvua ikinyesha juu kwenye milima ya Ngorongoro, maji hushuka kwako wewe ukiwa kwenye jua kali. Ukikuta yamejaa, baki upande uliopo usubiri. Korongo kavu lenye mchanga: weka foo wili (matairi yote manne yavute) kabla ya kuingia, gia ya pili, mguu usitoke kwenye mafuta katikati. Gari likikwama, acha kukanyaga mafuta mara moja, maana kila mzunguko unachimba kaburi. Fukua mchanga mbele ya matairi yote manne na chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), shusha upepo hadi 15, tandika mbao au mikeka migumu, toka taratibu. Jeki bila kipande cha mbao cha sentimita 30 kwa 30 chini yake itazama tu.

Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbuga hunasa hata trekta. Ahirisha.

Ondoka Arusha saa 12 asubuhi ufike Ngaresero mchana. Usiku ng'ombe na punda hawaonekani, na kingo za makorongo vilevile. Njiani kuna mageti ya ushuru. Beba noti ndogo na udai stakabadhi.

Lala kwenye kambi za Ngaresero, au muulize mwenyekiti wa kijiji. Ukikaribia boma anza na salamu ya Kimaasai, "sopa", utajibiwa "ipa", kisha sema shida yako. Usilaze hema ndani ya korongo, hata liwe na kivuli kizuri namna gani. Chini ya mgunga fagia miiba kwanza. Upepo unaoshuka kutoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hung'oa vigingi vya alumini. Tumia vya nondo vya sentimita 30, na penye majivu malaini zika mfuko uliojaa mawe, ufunge kamba hapo. Mlango uutazamishe mbali na ukingo. Viatu, nyama na sufuria chafu vilale ndani ya gari. Fisi haibi chakula tu, hata kiatu cha ngozi anakitafuna.