Namna ya kupima kama deki inayotawala mashindano inahitaji ustadi

Kila mashindano makubwa ya kadi yanapokwisha na deki moja kujaza meza za mwisho, husikika lawama ileile: deki hiyo inajicheza yenyewe, na aliyetwaa ubingwa amebebwa na kadi zake. Wanaoitetea hujibu kwamba mchezaji dhaifu akipewa kadi hizohizo hatafika popote. Mabishano haya hayaishi kwa sababu kila upande unapima kitu chake. Wa kwanza wanazungumzia nguvu ya deki, yaani mara ngapi inashinda deki nyingine. Wa pili wanazungumzia ustadi, yaani tofauti inayoonekana pale mchezaji hodari na mchezaji wa kawaida wanaposhika deki hiyohiyo. Deki inaweza kuwa na nguvu nyingi na kudai ustadi mwingi kwa pamoja, na inaweza kuwa na kimoja bila kingine, kwa hiyo asilimia ya ushindi peke yake haijibu swali hili hata ikipigiwa kelele kiasi gani.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulijibu kwa majaribio unayoweza kuyafanya wewe na mwenzako mmoja. Mifano imetoka kwenye Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, na kwenye Yu-Gi-Oh!. Deki ni fungu la kadi ambalo mchezaji hulipanga mwenyewe kabla ya kufika mezani: katika Magic ni kadi zisizopungua 60, na isipokuwa ardhi za msingi (ardhi ni kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), kadi moja haizidi nakala nne; katika Yu-Gi-Oh! ni kati ya kadi 40 na 60, na kadi moja haizidi nakala tatu.

Anza na mechi ya deki ileile pande zote mbili

Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote, na kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Wachezaji wawili wanapokuwa na deki moja, nguvu ya deki inajifuta yenyewe, kinachobaki ni bahati ya kadi na uamuzi wa mchezaji. Ikiwa mchezaji mzoefu anamshinda mgeni mara nyingi mno katika mechi za namna hii, deki inadai ustadi. Ikiwa ushindi unafuata tu nani ameanza au nani ameshika kadi fulani mkononi, basi haidai sana.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni deki iliyoitwa Caw-Blade, iliyotawala Magic mwaka 2011. Ben Stark alishinda nayo Pro Tour ya Paris, mashindano ya ngazi ya juu ya Magic, mwezi wa Februari, na baada ya hapo ilienea kiasi kwamba mchezaji aliyetaka kufika mbali alilazimika kujiandaa kukutana na deki ileile raundi baada ya raundi. Kufikia Juni kadi zake mbili, Jace, the Mind Sculptor na Stoneforge Mystic, zilitangazwa kupigwa marufuku katika mtindo wa Standard, unaoruhusu kadi za matoleo ya karibuni tu. Ukitazama kwa mbali utasema hiyo ni deki ya kununua ubingwa. Ukikaa mezani mambo yanabadilika.

Chukua zamu ya nne. Una ardhi nne, mkononi una Jace, mchawi anayebaki mezani na kukupa faida kila zamu, ambaye gharama yake ni mana nne, na una Mana Leak, kadi ya mana mbili inayozuia kadi ya mpinzani asipoweza kulipa mana tatu zaidi. Mpinzani ana deki hiyohiyo na ameacha ardhi mbili bila kuzitumia. Ukimtoa Jace sasa, ardhi zako zote zimekwisha. Mpinzani akiwa na Mana Leak yake, Jace wako anakwenda kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika, kisha mpinzani anamtoa Jace wake ilhali wewe huna mana ya kumzuia nayo. Ukisubiri, unalinda nafasi yako, lakini kila zamu unayosubiri ni zamu ambayo mwewe wadogo wa mpinzani, Squadron Hawk, wanaendelea kukudonoa. Zaidi ya hayo, kwa sheria za wakati huo, Jace wawili hawakuweza kukaa mezani pamoja: wa pili akitokea, wote wawili huondoka, hata kama mmoja ni wako na mwingine ni wa mpinzani. Ndiyo maana wachezaji walibeba pia Jace Beleren, wa mana tatu na dhaifu zaidi, ili wamtumie kumwondoa yule mkubwa. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2013.

Ongeza hapo upanga Sword of Feast and Famine, ambao ukimgusa mpinzani humlazimu kutupa kadi moja na kukufungulia tena ardhi zako zote. Mchezaji makini hutumia mana yake kabla ya kushambulia, upanga unamrudishia ardhi zake, kisha anamtoa Jace baada ya shambulio, au anaziacha wazi ili ashike Mana Leak. Mchezaji asiyejua mpangilio huo hutoa kadi zilezile kwa utaratibu mbaya na kupoteza nusu ya faida, wala haoni alichokosea. Hapo ndipo ustadi unapokaa: katika utaratibu na wakati, wala si katika kadi gani ziko mkononi.

Unapofanya jaribio lako, badilishaneni nani anaanza, chezeni mechi za kutafuta ushindi wa michezo miwili kati ya mitatu, na mwenye deki akuazime ile aliyoizoea yeye badala ya nyingine iliyopunguzwa kadi za bei kubwa.

Andika maamuzi, usiandike matokeo tu

Baada ya kila mchezo, kabla hamjakusanya kadi, kaeni mjiulize ni zamu gani mlikuwa na njia mbili au zaidi zenye maana, na ni ipi mngeibadilisha. Mchezo ambao hamwezi kutaja hata zamu moja ya namna hiyo uandikeni upande mmoja wa daftari. Mchezo wenye zamu hizo uandikeni upande mwingine, pamoja na maelezo mafupi ya uamuzi wenyewe. Baada ya muda utaona umbo la deki vizuri kuliko takwimu yoyote ya ushindi itakavyokuonyesha.

Kazi hii pia huvunja dhana. Deki ya Affinity, iliyotawala Standard hadi ikafutwa Machi 2005 kwa kupigwa marufuku kadi nane kwa mpigo, ilisemwa kuwa deki ya watoto: toa vifaa vyako (kadi za aina ya artifact), geuza kadi upande ili kushambulia, shinda. Kwa mpinzani asiyejiandaa maneno hayo yana ukweli, maana mtu aliyejifunza deki hiyo jioni moja aliweza kushinda michezo mingi. Lakini tazama kadi yake kuu, Arcbound Ravager. Inakuruhusu kukitoa kafara kifaa chochote chako ili ipate alama moja ya nguvu, na ikifa, alama zake zote zinaweza kuhamia kwa kiumbe mwingine wa kifaa. Ukiwa na Disciple of the Vault mezani, kila kifaa kinachoingia kaburini kinaweza kumpunguzia mpinzani alama moja ya uhai. Sasa mpinzani anaelekeza kadi ya kuua kwa Ravager yako. Je, utoe kafara vifaa vyote na kuhamishia nguvu kwa kiumbe ambaye hajazuiwa? Utoe viwili tu na kubakiza ardhi zako za vifaa kwa zamu ijayo? Au uiache ife? Hesabu hiyo hufanywa upya katika kila shambulio, na kosa la kifaa kimoja linatosha kupoteza mchezo. Affinity, kwa hiyo, ina sakafu ya juu, yaani anayeanza hupata ushindi mapema, na bado ina dari ya juu, yaani hodari hupata zaidi. Watu huona sakafu wakadhani wameona nyumba nzima.

Kinyume chake kipo pia. Februari 2016, katika Pro Tour iliyotumia mtindo wa Modern, unaoruhusu kadi za miaka mingi zaidi kuliko Standard, deki sita kati ya nane za fainali zilikuwa za Eldrazi, jamii ya viumbe wa Magic. Ardhi inayoitwa Eye of Ugin ilipunguza gharama ya kila Eldrazi asiye na rangi kwa mana mbili, kwa hiyo Eldrazi Mimic, wa mana mbili, alitoka bure, na mchezaji mwenye bahati aliweza kuwatoa kadhaa katika zamu ya kwanza. Michezo ya namna hiyo ilikwisha kabla mpinzani hajapata uamuzi wowote wa kufanya. Sisemi wachezaji wale hawakuwa hodari. Kuigundua deki hiyo kabla ya wengine kulikuwa kazi kubwa. Nasema ustadi ulitumika nyumbani, katika maandalizi, na kidogo zaidi ulibaki mezani. Eye of Ugin ilipigwa marufuku Aprili mwaka huohuo.

Pima bahati kwa hesabu kabla ya kuilaumu

Mtu akikuambia kwamba mpinzani wake “huwa anayo kadi hiyo daima”, fanya hesabu. Kadi yenye nakala nne katika deki ya kadi 60 huonekana katika mkono wa kwanza wa kadi saba kwa uwezekano wa asilimia 40 hivi. Katika Yu-Gi-Oh!, nakala tatu katika deki ya kadi 40 na mkono wa kadi tano hukupa asilimia 34. Lakini deki nyingi za kisasa za Yu-Gi-Oh! hazitegemei kadi moja. Zikiwa na kadi 12 ambazo yoyote kati yake inaweza kuanzisha mfululizo mzima wa hatua, uwezekano wa kushika angalau moja unapanda hadi asilimia 85. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo huwafanya watu waseme deki haihitaji ustadi, nami naona wanakosea kidogo: kuanza bila shida si sawa na kumaliza vizuri, hasa mpinzani anapokuwa na Ash Blossom & Joyous Spring, kadi ya kukatiza mfululizo wa mwenzake, mkononi na anasubiri kuona ni hatua ipi aikate.

Kumbuka vilevile kwamba bahati ndani ya deki haifukuzi ustadi. Deki ya Tearlaments ya mwaka 2022 ilitupa kaburini kadi tatu za juu bila mchezaji kuzichagua, kisha zilizoangukia huko zikaanzisha muungano wa viumbe, mara nyingi katika zamu ya mpinzani. Wengi waliita hiyo kamari. Hata hivyo, mchezaji hakuweza kukariri mfululizo mmoja na kuurudia, kwa sababu kila kutupa kulimpa hali mpya: aunganishe nini, arudishe kadi zipi chini ya deki, na athari ipi aitangulize, huku mwenzake mwenye deki hiyohiyo akimjibu papo hapo. Mtu aliyekariri alipotea hapo mara moja.

Hesabu inakuonya pia usiharakishe hukumu. Wachezaji wawili walio sawa kabisa wakicheza michezo 10, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 17 wa kushinda saba au zaidi kwa bahati tupu. Hata michezo 100 inaacha shaka ya asilimia 10 hivi juu au chini. Kwa hiyo msivunje urafiki kwa matokeo ya alasiri moja, na mliamini daftari la maamuzi kuliko jumla ya ushindi.

Angalia pia mnacheza wapi. Daraja la mchezaji katika Master Duel, programu ya Yu-Gi-Oh! iliyotoka mwaka 2022 na inayochezeka kwenye simu, hupimwa kwa mchezo mmoja mmoja bila kadi za akiba (zile za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo), na MTG Arena, katika mechi zake za mchezo mmoja, hukupa mkono wenye uwiano mzuri zaidi wa ardhi kuliko ambavyo ungeupata kwa kuchanganya kadi kwa mkono. Mchezaji mwenye uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda mchezo mmoja hupanda hadi karibu asilimia 65 katika mechi ya michezo miwili kati ya mitatu, na hapo bado hatujahesabu kadi za akiba, ambazo Magic na Yu-Gi-Oh! huruhusu hadi 15. Kujua ni zipi za kuingiza na zipi za kutoa baada ya mchezo wa kwanza ni ustadi ambao mchezo mmoja hauwezi kuuonyesha kabisa.

Unapotoa hukumu yako

Usitumie orodha ya kadi zilizopigwa marufuku kama ushahidi wa upande wowote. Waandaaji hufungia kadi kwa sababu mchezo umekuwa wa aina moja na watu wameacha kuja, na Caw-Blade ilifungiwa ingawa mechi zake zilikuwa ngumu kuzicheza. Hukumu iliyo sahihi huwa na sehemu tatu, na ni vizuri uziandike kando kando: deki inashinda kwa kiasi gani mikononi mwa mgeni, mzoefu anaongeza kiasi gani juu ya hapo, na nyongeza hiyo inatoka katika hatua gani, iwe ni kupanga deki, kuchagua mkono wa kuanzia, utaratibu wa zamu au kadi za akiba.

Ukigundua kwamba nyongeza ni ndogo, na wewe ni mchezaji mwenye uzoefu kuliko wengi watakaokuwepo, una sababu nzuri ya kuchagua deki nyingine yenye nguvu kidogo pungufu lakini inayorefusha mchezo na kukupa nafasi nyingi za kuamua. Ukiwa mgeni, ichukue hiyo inayotawala bila kuona haya, ukaicheze kwanza dhidi ya yenyewe mpaka daftari lako lianze kujaa upande wa maamuzi.