Kabla hujapakia madumu kwenda kisima cha barabarani

Kisima ninachochota mimi kipo Arumeru, mkoani Arusha, kando ya barabara ya vumbi, na hakina pampu wala kamba. Ni bomba la chuma lililochomoza ardhini kimo cha goti, linamwaga maji usiku na mchana, masika na kiangazi. Mvua ya mlimani huzama kwenye mawe ya volkano, ikateremka hadi chini ya tabaka la udongo mzito usiopitisha maji, ikabanwa humo. Ukilitoboa tabaka hilo huku bondeni, maji hupanda yenyewe kwa msukumo wa yale yaliyo juu. Wataalamu huviita visima vya artesiani, kwa jina la eneo la Artois huko Ufaransa, ambako watawa walichimba kimoja mwaka 1126. Sisi tunasema tu "bombani".

Maji yanayojitoa yenyewe, ya baridi na meupe, yanamfanya mtu ayaamini upesi mno. Ndiyo maana swali la madumu mangapi ubebe linaweza kusubiri. Kwanza ujue unakwenda kuchota nini.

Kwa ukanda huu wa Mlima Meru, jibu linaanza na floraidi, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za miteremko hii huupita mara kadhaa. Haina rangi, haina harufu. Kuchemsha hakuiondoi: maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo unakunywa nzito zaidi. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Kinachoipunguza ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi. Na usidanganywe na jirani anayekwambia chemchemi ya kwao ni salama, basi na hii pia. Mbili zilizoachana mita mia chache zinaweza kutofautiana kabisa.

Siku ya kwanza nilipofika pale nilimkuta binti wa miaka kumi hivi anajitwisha ndoo. Ngata ilimteleza, akacheka, nikayaona meno yake ya mbele: mistari ya kahawia, kama yaliyopakwa chai. Nikamuuliza kazaliwa wapi. "Hapa hapa." Hicho ni kipimo cha bure. Angalia meno ya watoto waliokulia kwenye maji hayo, si ya mzee aliyehamia ukubwani, kwa sababu alama huingia wakati jino bado linajijenga ndani ya fizi, yaani utotoni hadi karibu miaka minane. Dalili nyingine ni ladha ya magadi. Maji ambayo sabuni inatoa povu haraka na maharage yanaiva upesi, yale yale ambayo kina mama huyasifu, ndiyo ya kuyatilia shaka. Dalili haitoshi kuhukumu, lakini inatosha kukupeleka maabara ya ubora wa maji. Piga simu kabla ya kwenda. Sampuli ya floraidi huwekwa kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo. Ya vijidudu inataka chupa iliyotakaswa ambayo watakupa wao, na uirudishe siku hiyo hiyo ikiwa kwenye baridi.

Mimi baada ya kupima niliamua maji ya bombani ni ya kufulia, kuogea na kumwagilia. Ya kunywa na kupikia uji wa mtoto tunakinga ya mvua.

Sasa madumu. Nunua yaliyokuwa na mafuta ya kula, na uyanuse kabla hujalipa. Niliwahi kuuziwa moja jeupe, zuri, nikaliosha kwa maji ya moto na majivu mara tatu. Lilipokaa juani harufu ya dawa ya kuulia wadudu ikarudi. Nililitoboa tundu ili asije akaliokota mwingine. Kagua na mpira wa kifuniko. Dumu la lita 20 ni kilo 20, hivyo kumi ni kilo 200, sawa na abiria watatu ambao hawajishikilii popote. Yapange chini, yabanane, uyafunge kamba. Usiyarundike nyuma kabisa ya gari hadi pua ikanyanyuka. Pikipiki ndiyo usiitanie hata kidogo kwenye mteremko.

Egesha nje kabisa ya barabara, mbali na kona, na ushushie upande wa shambani. Vumbi la lori likipita humwoni anayekuja nyuma yake.

Pale kisimani kuna foleni hata usipomwona mtu: madumu matupu yaliyopangwa yana wenyewe. Salimia kwanza, uliza nani msimamizi, na ukiambiwa kuna mchango wa kamati, toa. Mwenye gari anayejaza madumu kumi mbele ya bibi mwenye ndoo moja atasemwa, na atastahili. Mimi huenda saa nane mchana, wakati waliokuja asubuhi wameshaondoka na wa jioni bado. Mifugo ikifika ipishe, ila usichote pale inaponywea. Kinga moja kwa moja mdomoni mwa bomba. Sabuni ibaki nyumbani.

Hata bomba likiwa safi, maji huchafuka njiani, kwenye kikombe cha kuchotea na kwenye mikono. Kwa hiyo ya kunywa, kama kipimo cha floraidi kimeyaruhusu, yachemke kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kama unaishi juu ya mita 2,000. Ukitumia vidonge, fuata maelezo ya pakiti, na usionje kabla ya nusu saa kwisha. Nyumbani kwetu dumu la kunywa lina kitambaa chekundu kwenye mkono wake. Siku kitambaa kilipokatika, mgeni alitupikia chai kwa maji ya kufulia, na hakuna aliyegundua hadi sufuria ilipokwisha.