Somo: Mfarishi wa viraka vya khanga, bila cherehani

Shoga zangu, usitupe khanga iliyochakaa. Jumamosi tulikaa watatu juu ya mkeka hapa Ngamiani, Tanga, kila mtu na upande wake wa mfarishi mmoja, mkono unashona na mdomo unasimulia. Adhana ya magharibi imetukuta tumebakiza kiganja tu katikati.

Mtindo wenyewe si wangu. Ni wa akina mama wa Kisiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika. Wao huuita mfarishi huo kawandi. Fundi mwingine huunga viraka kwanza, bitana baadaye. Wao huanzia ukingoni na kuzunguka kuingia ndani, viraka na bitana vinashikana kwa mshono uleule.

1. Fua kila kitu. Khanga mpya ifue peke yake, hasa nyekundu. Mimi nilijifanya najua, nikatia kisutu kipya bila kukifua. Mfuo wa kwanza tu, vile vyeupe vyote vikawa waridi.

2. Bitana: nusu ya khanga moja inamtosha mtoto mchanga, kama sentimita 75 kwa 110. Kunja kingo zote sentimita moja kuelekea ndani, piga pasi.

3. Kata viraka vya ukubwa wa kiganja. Visilingane, ndio uzuri wake. Ila soma maneno kabla hujashona! Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na WIFI kwenye kiraka kimoja na HASIDI kwenye kinachofuata, na ulikuwa zawadi ya wifi yangu.

4. Hapa ndipo penye kazi. Anzia kona. Weka kiraka, kunja kingo zake mbili za nje zilale sawa na ukingo wa bitana, upige bandi fupifupi, yaani mshono wa mkono, sindano ikizama na kuibuka. Uzi wa pamba, urefu wa dhiraa moja. Ukizidi unajifunga mafundo. Karibu na mwisho wa kiraka, leta cha pili, kunja ukingo wake, kipandishe juu ya cha kwanza kwa upana wa vidole viwili, endelea. Upande wa ndani uache bila kukunja, utafunikwa na viraka vya ndani. Ukirudi kwenye kona ya mwanzo, ingia ndani kwa upana wa nusu kidole, uzunguke tena. Kitambaa kitaanza kujikunyatakunyata kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Usikivute, ndivyo kinavyotakiwa.

5. Katikati funga kwa kiraka kilichokunjwa pande zote nne.

6. Phula, yaani maua: kunja kipande cha mraba mara mbili upate pembetatu, kichomeke kila kona ukashone. Kwa Wasiddi mfarishi usio na phula haujakamilika.

MASWALI

Mwanachama, Pangani: Naweza kujaza sufi ndani? Misufi ipo tele kwetu.
— Hapana, dada. Sufi inataka mfuko uliofungwa pande zote, huku tunashona huku pako wazi. Ukitaka unene, tandika shuka kuukuu juu ya bitana kabla ya hatua ya 4.

Mwanachama, Muheza: Natumia mkono wa kushoto, nimeishia kona ya kwanza.
— Zunguka upande wa pili, basi. Hakuna atakayejua.

Mwanachama, Bagamoyo: Na kitenge?
— Kinafaa, ila kile kizito kinavunja sindano na kuumiza kidole. Vaa subana. Kwa bitana, bora khanga.

Mwanachama, Korogwe: Tukishona wengi, mishono si itatofautiana? Mama mkwe bandi zake ndefu kama reli.
— Itatofautiana, mama, na usizifumue! Wangu una upande mmoja wa bandi kubwakubwa, za jirani yangu aliyeshika sindano siku ile kwa mara ya kwanza. Wageni huanza kuuliza hapo.

Mwanachama, Tanga: Mume wangu anasema viraka ni vya maskini.
— Mfunike nao msimu wa kipupwe, halafu jaribu kumnyang'anya.