Namna ya kuandika historia ya chuo kidogo

Chuo hakizaliwi siku moja. SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania, pale Malimbe jijini Mwanza, ilitokana na kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960. Chuo kikuu kilikuja 1998. Ukiandika 1998 peke yake, umefuta miaka 38 ya kazi ya watu.

Kwa hiyo chora jedwali la safu nne: mwaka, jina la chuo wakati huo, tukio, ushahidi. Tenganisha mwaka wa kuanzishwa, wa usajili na wa wanafunzi wa kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa vijitabu vya mahafali hunakiliana makosa.

Idadi ya wanafunzi itoe kwenye rejista, si kwenye hotuba. Hesabu walioripoti, si waliochaguliwa.

Wazee wahoji picha ikiwa mkononi. Ukiuliza “mwaka gani?” watasitasita, uliza “kabla au baada ya MV Bukoba kuzama?” na tayari unajua upande upi wa Mei 1996.

Mafaili yaliyogandamana kwa unyevu usiyabandue kwa nguvu wala kuyaanika juani. Yakaushe kivulini penye upepo, chomoa pini zenye kutu, ndipo uskani kwa nukta 300 kwa inchi.