Mchezaji Akiumia Katika Softboli: Namna ya Kumtoa Bila Kumpoteza

Makocha wengi hukosea kwa kuita jina la mchezaji wa akiba kabla ya kujua aliyeumia anatoka kwa kanuni ipi. Kutoka uwanjani kuna aina kadhaa, na ukishamtangazia mwamuzi mkuu badiliko, limeandikwa. Maelezo haya yanafuata kanuni za WBSC, shirikisho la dunia, za softboli ya mrusho wa kasi. Ligi za Marekani hutofautiana nazo mahali pengine.

Mpira ukiwa bado unachezwa, usiingie uwanjani. Mwamuzi husubiri tukio liishe. Akiona jeraha linahitaji tiba papo hapo, husimamisha mchezo na kuwapa wakimbiaji beisi (vituo vinne vya kuzungukia ili kupata pointi) ambazo kwa maoni yake wangezifikia. Wakati huo jiulize mawili: kuna damu? Na huyu alianza mchezo, au aliingia baadaye?

Aliyeanza anaweza kutolewa na kurudi mara moja, katika nafasi ileile ya orodha ya kupiga. Akitoka tena, ndiyo basi. Wa akiba akishatolewa harudi kabisa. Kwa hiyo kifundo kilichoteguka kidogo katika awamu (zamu ya kila timu kupiga na kulinda) ya 3, kati ya 7, si msiba: mtoe, weka barafu, na umrudishe ya 6 ikiwa anakimbia sawasawa. Kumrudisha ya 4 akiwa bado anachechemea ni kuchoma nafasi yake pekee.

Damu ina njia yake. Anayetokwa damu lazima atoke hadi ikome, jeraha lifungwe, na jezi yenye damu ibadilishwe. Namba ikiwa tofauti, mwambie mwamuzi tu. Anayeshika nafasi yake kwa muda hahesabiwi kama badiliko: anacheza sehemu iliyobaki ya awamu hiyo pamoja na awamu nzima inayofuata. Muda huo ukiisha na mgonjwa hajarudi, sharti ufanye badiliko la kawaida. Ndiyo maana neno “damu” litamkwe waziwazi kwa mwamuzi na kwa mwandishi wa alama. Usipolitamka, wataandika badiliko la kawaida, na kubishana baadaye hakusaidii.

Timu iliyoanza na watu 10, yaani yenye DP (mchezaji mteule) anayepiga na Fleksi anayelinda tu, ina hazina ambayo wengi hawaitumii. Tuseme mchezaji wa beisi ya tatu ameumia bega, kurusha hawezi lakini kupiga anaweza. Mpeleke DP akalinde beisi ya tatu. Aliyeumia anaendelea kupiga katika zamu yake, na kikanuni hajatoka mchezoni. DP akiumia mguu akiwa beisini, Fleksi anaweza kumkimbilia, kwa kuwa nafasi ya DP ndiyo pekee Fleksi anayoruhusiwa katika orodha ya kupiga. Hapo DP ametoka na timu imebaki na 9, jambo ambalo ni halali.

Mkimbiaji ndiye anayewachanganya hata waamuzi. Tarehe 26 Aprili 2008 huko Ellensburg, jimbo la Washington, Sara Tucholsky wa timu ya Chuo Kikuu cha Western Oregon alipiga mpira ukavuka uzio, wenzake wawili wakiwa beisini. Aliipita beisi ya kwanza bila kuigusa, akageuka kuirudia, na goti likamwangusha. Waamuzi walisema akiingia wa akiba pigo lingehesabiwa la beisi moja, lenye pointi mbili badala ya tatu. Na wenzake wangemsaidia angekuwa auti (ameondolewa beisini). Wapinzani wawili, Mallory Holtman na Liz Wallace, wakambeba kuzunguka beisi zote. Kitendo cha kiungwana, lakini hakikuhitajika: kanuni iliruhusu wa akiba amalizie beisi zote alizokuwa amepewa, pamoja na ile iliyorukwa. Weka kitabu cha kanuni kwenye mkoba, si nyumbani.

Mpigaji akiumia katikati ya zamu, wa akiba anarithi hesabu ya mirusho ilivyo. Akirithi straiki mbili (makosa ya kupiga; ya tatu ni auti) kisha akawa auti kwa straiki, mwandishi wa alama humwandikia aliyeumia auti hiyo.

Kichwa kikigongwa, hesabu za mabadiliko ziache. Kizunguzungu, kutapika, kusahau matokeo, kutazama bila kuona: mtoe. Katika shule za sekondari za Marekani mwenye dalili hizo harudi mpaka mtaalamu wa afya anayetambulika amruhusu.

Kabla hujafanya badiliko la mwisho, hesabu waliobaki benchi. Kwa WBSC timu ikipungua chini ya 9 inapoteza mchezo. Sekondari za Marekani huruhusu kumaliza na 8, lakini kila zamu ya nafasi iliyo wazi ikifika ni auti.