Bili ya vipimo vya protini C na S: anza na oda

Naandaa bili za maabara hapa Marekani, na kwa vipimo vya kuganda kwa damu siandiki namba ya CPT, yaani ya kipimo kwenye bili, kabla sijasoma oda ya daktari na majibu. Protini C na S huzuia damu isigande kupita kiasi. Protini C ikipimwa kiasi chake, yaani antijeni, ni 85302. Ukipimwa utendaji wake, 85303. Antijeni ya protini S ya jumla ni 85305, ile huru, isiyoshikamana na protini nyingine, 85306. Oda ikisema “protini S” tu, pigia kliniki simu, usibahatishe.

Upande wa ugonjwa, D68.59, namba ya ICD-10-CM inayotaja ugonjwa kwenye bili, ni ya upungufu wa protini hizi uliothibitishwa. Daktari akiandika “anashukiwa”, weka kilichomleta mgonjwa, mathalani donge la damu mguuni. Na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushusha protini zote mbili, kwa hiyo majibu ya chini peke yake hayakupi ruhusa ya kuandika D68.59.